Kamera ya Kuchukua Kuwanose Nzima

Kuwanose, 3 Septemba 1996

Mdogo wangu Tsuneo,

Habari za huko Tokyo na joto lisilotaka kuondoka? Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua lakini mdomo wake mzima kabisa, juzi kamfukuza mwuza bima mpaka darajani. Ndimu za sudachi zimezaa vizuri mwaka huu, nitakuwekea kikapu.

Sasa sikiliza. Shule inafungwa. Watoto wamebaki wanne, na kuanzia Aprili watapelekwa mjini kwa basi. Sherehe ya kuifunga ni Jumapili tarehe 23 Machi, na kila aliyepata kusoma pale ameitwa. Mama anasema watafika mia na sitini kwa sababu chakula ni cha bure. Wanataka picha moja ya watu wote, na tangu Baba afe mpiga picha wa bonde hili ni mimi.

Unaujua ule uwanja. Nyuma shule na mlima, mbele ukuta wa mawe, halafu korongo. Ukirudi nyuma hatua kumi na tano umeshaanguka mtoni. Baba alikuwa akiwagawa watu mafungu mawili, anapiga mara mbili, kisha anaziunganisha picha kwa gundi, na kila mara palikuwa na mtu mwenye mkono mmoja hapo katikati. Hii ya mwisho sitaki kuiunga. Nataka kamera yenye lenzi pana na filamu kubwa ya kuviringisha, ili kila uso uonekane hata picha ikitundikwa ukutani. Iliyotumika inatosha, na zilizotumika ziko huko kwenu, mitaa mizima. Fedha za kamati nimezituma kwa hawala ya posta.

Chagua vizuri, kisha uilete mwenyewe. Usiitume. Nimeshakuandika mstari wa nne, na wenzako wa rika lako.

Dada yako,
Hisano

Tokyo, 6 Oktoba 1996

Dada Hisano,

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Mimi mzima. Ratiba za treni za majira ya baridi zilikuwa mezani kwangu, na tarakimu moja ikinipita watu mia wanaachwa stesheni, kwa hiyo nimekuwa nikiota saa na dakika. Mwambie Mama aache kukimbiza watu, atavunjika mguu.

Fedha zimefika. Jumamosi tatu nimezunguka madukani, na jambo hili si jepesi kama ulivyoliandika. Nimeona aina tatu. Ya kwanza ni nyepesi na lenzi zake hubadilishwa, imependeza kama bibi harusi, na bei yake ni ya bibi harusi pia. Ya pili inajikunja, lakini ngozi yake imetoboka kama chandarua cha zamani. Ya tatu nadhani ndiyo yetu. Nyeusi, kubwa, lenzi imekazwa palepale haitoki, na filamu moja inatoa picha nane tu, kila moja sentimita sita kwa tisa. Ukiiona utadhani ni kamera ya kawaida iliyolishwa wali mwingi.

Karibu na stesheni wanayo moja ya aina hiyo, safi kama haijaguswa. Chini yake pana kihesabu kinachosogea kila baada ya picha kumi, nacho kinasoma 031. Maana yake imepiga picha mia tatu na kumi tu. Naelekea kuichukua hiyo, ila nataka kufikiri kidogo.

Kuhusu Machi, ndipo ratiba mpya zinapotoka. Sijui kama nitapewa ruhusa. Tutaona.

Tsuneo

Kuwanose, 21 Oktoba 1996

Tsuneo,

Mpunga umeshavunwa, mgongo wangu ndio ushahidi. Barua yako nilimsomea Mama, akacheka pale pa wali mpaka akakohoa. Paa la ghala lilikuwa linavuja, nimeliziba mwenyewe.

Wewe ni mtoto wa mpiga picha au wa mwuza viatu? Kamera safi ni kamera iliyofungiwa kabatini, na kabati la nchi hii mwezi wa Juni linaotesha kuvu hata kwenye mkanda wa suruali. Muombe mwenye duka tochi, umulike lenzi kwa nyuma, utazame kwa upande. Ukiona nyuzinyuzi kama utando wa buibui, mrudishie na umshukuru. Halafu hicho kihesabu kina tarakimu tatu tu, kikifika 999 kinaanza upya. Yako huenda imepiga mia tatu, huenda imepiga elfu kumi na mia tatu. Nani atajua? Tafuta iliyofanya kazi, iliyolika rangi pale mkono unaposhika. Wenye kamera hizi walikuwa wapiga picha wa makundi ya watalii mahekaluni, watu wanaolala na kitambaa cha lenzi mfukoni.

Huku vita imeshaanza. Shangazi Yoneko kasikia kwamba lenzi pana huwavuta watu wa pembeni wakanenepa. Kaingia hapa na viatu vyake miguuni.

"Hisano, mimi pembeni sisimami! Mashavu haya yananitosha. Waweke huko wembamba wenzako!"

Sasa bonde zima linataka katikati. Pembeni nitawapanga vijana wa besiboli, wao hata wakivimba watafurahi.

Mzee Inubushi naye kaandikisha jina, atakaa mstari wa mbele. Alikuulizia.

Na "tutaona" si jibu. Mtu anayesahihisha treni za nchi nzima hajui ya kwao inaondoka saa ngapi?

Hisano

Tokyo, 24 Novemba 1996

Dada,

Baridi imeingia. Nimenunua soksi nzito, mwambie Mama asitume nyingine.

Ulisema kweli, ile safi ilikuwa na kuvu. Tangu hapo nimetazama nane. Moja lenzi safi lakini kidirisha cha kulengea kimefifia. Moja inavujisha mwanga mlangoni. Moja nzuri kila kitu, ila mwenye duka alikuwa na haraka ya kuuza, nikaingiwa na wasiwasi nikatoka. Moja niliishika saa nzima, nikaiacha, nikateremka ngazi, nikapanda tena, nikaiacha. Jumamosi naamka kabla maduka hayajafunguliwa, nazungukazunguka barabarani kama mbwa aliyepoteza harufu. Siwezi kukaa chini, Dada. Hata kazini miguu inanicheza chini ya meza.

Kuna mzee mmoja, Kurata, ana duka dogo juu ya mkahawa wa tambi. Ameshanizoea. Jana aliniwekea chai akasema, "Bwana, nimeuza kamera miaka arobaini. Anayetafuta kamera huuliza bei. Wewe hujauliza bei hata mara moja. Wewe unatafuta sababu ya kutonunua."

Nikamjibu kwamba ninamchagulia mpiga picha hodari. Akasema, "Basi mchagulie. Au unaogopa akiipata?"

Nikiipata nitaituma kwa posta. Nitaifunga kwa blanketi, haitavunjika. Ofisini hakuna namna.

Mwandiko wako umekuwa mkubwa siku hizi, na mistari inapanda juu. Kuna nini? Na uliandika kwamba Mzee Inubushi aliniulizia. Hukusema aliuliza nini.

Tsuneo

Kuwanose, 10 Desemba 1996

Tsuneo,

Mwandiko ni kalamu mbovu. Mama mzima, anakausha matunda ya kaki. Theluji imeanguka mara moja.

Aliuliza kama utakuja. Hilo tu.

Basi tulitaje, maana Kuwanose tunajua sana kufunika kombe na mimi nimechoka. Mei mwaka 1968 Baba alilala na mgongo, nawe ulikuwa na miaka kumi na mitano. Alikutuma ukapige picha ya shule kwa ile kamera yake ya mbao. Uliwapanga watoto ishirini na sita, ukalenga, ukatia sahani ya kioo ya picha, ukasahau kukichomoa kile kibao kinachoifunika sahani. Picha haikutoka. Ni kosa la kawaida, Baba mwenyewe alilifanya mara ngapi! Tukasema mvua zikikatika utarudia. Tarehe mbili Julai mlima ukaporomoka juu ya nyumba ya Inubushi. Wanawe wawili walikuwa kati ya wale ishirini na sita: Yoshiki akaenda, na Fumie mdogo akaenda, na albamu zote za nyumba zikaenda nao.

Hakuna aliyekulaumu. Inubushi hajawahi kutamka neno. Lakini wewe tangu mwaka ule hukushika tena kamera, ukakimbilia Tokyo, na kwenye mazishi ya Baba ulilala usiku mmoja ukapanda basi la kwanza. Miaka ishirini na minane "ofisini kuna kazi". Kazi gani hiyo isiyoisha?

Sikukuomba ununue kamera peke yake. Nilikuomba uje. Mchagua jembe si mkulima, mdogo wangu, nawe umeshayachagua manane.

Hisano

Tokyo, 12 Januari 1997

Dada Hisano,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mama. Mochi za mchele zilifika, nimezila zote peke yangu.

Barua yako nilikaa nayo mwezi mzima. Sina la kukubishia. Ila wewe unasema hakuna aliyenilaumu, mimi nasema ndilo lililonishinda. Wangenitukana ningekaa. Mama yake Yoshiki alinipa bakuli la supu siku ile ile ya kuwazika wanawe, akaniambia nile kwa sababu nimekonda. Ningewezaje kupita mbele ya nyumba yao baada ya supu ile? Mtu aliyeumwa na nyoka akiguswa na unyasi hushtuka. Mimi kamera zote ni unyasi.

Nimenunua. Mzee Kurata aliitoa chini ya meza bila kunitazama. Rangi imelika upande wa kushoto mpaka chuma kinang'aa, na mzee anasema kihesabu kimeshazunguka mara mbili. Mwenye kamera wa kwanza alikuwa akipiga makundi ya watalii kwenye hekalu moja Kyoto, amestaafu. Nimemulika tochi mbele na nyuma, hakuna hata uzi mmoja wa kuvu. Ukiibonyeza inalia kidogo tu, kama mtu anayemeza mate. Ni kamera nzuri, Dada.

Inakuja kwa posta pamoja na filamu mbili za kujaribia. Mimi siji. Niwekee kikapu cha sudachi mwaka mwingine.

Tsuneo

Kuwanose, 9 Februari 1997

Tsuneo,

Kamera imefika. Mama kaipakata akasema ina uzito wa mtoto wa miezi miwili.

Nilimsimamisha Mama uwanjani na kuku wake, nikapiga filamu yote. Picha nane ziko ndani ya bahasha hii, zitazame. Kidirisha chake kina picha mbili, sivyo? Unazungusha lenzi mpaka zikutane ziwe moja. Kwangu hazikutani. Kwangu hata mlima una kingo mbili.

Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, na la kushoto linalifuata. Nimelijua hilo tangu kiangazi. Daktari wa mjini amenipangia upasuaji katikati ya Aprili, mapema kuliko hapo hana nafasi. Sikumwambia mtu, kwa sababu ningesema, kamati ingemleta mpiga picha kutoka mjini, asiyemjua hata mmoja wao kwa jina. Nilikuambia uje usimame mstari wa nne. Nilikudanganya. Nilikuwa namtafuta mpiga picha, na niliyemtaka ni wewe.

Nilijaribu kukuvuta polepole, nikidhani ukizishika kamera za kutosha mkono utazoea. Sasa nakwambia wazi. Usipokuja nitaibonyeza mwenyewe, kwa macho haya haya, na watu mia na sitini na tatu watatoka kama hawa kuku. Hakutakuwa na ya pili. Aprili watu wametawanyika.

Inubushi nimeshamwambia kwamba wewe ndiye utakayepiga. Nilimwambia kabla ya kukuuliza, unisamehe. Aliuliza aje na kofia au bila.

Hisano

Tokyo, 2 Machi 1997

Dada,

Nafika Ijumaa tarehe 21 kwa basi la saa nane mchana. Filamu nabeba mimi. Usimwambie mtu ninafika siku gani, nisije nikawakuta kituoni wamejipanga.

T.

Kuwanose, 4 Aprili 1997

Mdogo wangu,

Cheri zimechanua, naambiwa. Kwangu ni wingu jeupe, lakini hata wingu zuri. Mama anakusalimu, kofia yako uliyoisahau anaivaa yeye bustanini.

Picha imefika. Mama kaiinamia mezani asubuhi nzima na miwani yake na ya jirani, ananisomea mstari kwa mstari. Kila uso upo, anasema. Yoneko kapata katikati, na bado anadai kanenepa. Mimi nipo mstari wa tatu, kumbe nina mvi kiasi hicho! Miaka yote sikuwahi kuwamo kwenye picha hata moja ya bonde hili.

Lakini kuna jambo hawaniambii. Ulipiga filamu ya kwanza, nikawa nakusikia unatubembeleza, "Changamkeni, jamani, hapa si msibani!" Kisha ukafungua kamera ubadilishe filamu, na hapo nikasikia sauti ya Inubushi inaita jina lako. Halafu watu wote wakacheka mpaka korongo likaitikia. Nikamuuliza Yoneko kuna nini, akasema, "Hakuna kitu, tabasamu." Nikamuuliza Mama, anasema alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Mwenyekiti wa kamati eti alikuwa na chafya. Na baadaye wewe na Inubushi mlikaa nyuma ya ghala la shule mpaka supu ikapoa, ukatoka huko ukapanda gari la stesheni bila kuniambia neno.

Tarehe 15 nalazwa. Niandikie kabla ya hapo. Alikwambia nini?

Hisano

Tokyo, 9 Aprili 1997

Dada Hisano,

Usiogope upasuaji, hapa kazini wawili wameshafanyiwa na sasa wanaona makosa yangu yote. Hongera ya mvi. Kofia abaki nayo Mama.

Sikukwambia siku ile kwa sababu nisingeweza kusema nikiwa nimesimama. Nakwambia sasa.

Kamera ile hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha kilicho juu yake, na humo kila kitu kinang'aa hata kama lenzi imezibwa. Niliwapanga, nikalenga kwenye vifungo vya koti la Mzee Inubushi, picha mbili zikakutana vizuri kabisa, nikaanza kupiga. Moja, mbili, tatu. Niliona nyuso zinazidi kuwa nzito, ndiyo maana nikawa nawabembeleza. Nne, tano. Mmoja wa vijana wa besiboli akainamisha kichwa. Mwalimu mkuu akatazama mawingu. Nilipiga zote nane, Dada, na kifuniko cheusi kiko mbele ya lenzi.

Watu mia na sitini na mbili walikiona, wewe peke yako ndiye hukukiona. Na hakuna aliyefungua mdomo. Walijua mimi ni nani na nilifanya nini mwaka 1968. Kila mmoja alisema moyoni, nikimwambia nitamvunja, acha mwingine aseme. Wangenyamaza hivyo hivyo mpaka filamu ya tatu, kwa huruma tu.

Ndipo Inubushi aliposimama. Alisema, "Tsune! Kifuniko, baba! Kitoe!" Nikatazama. Nikakitoa. Nadhani niliwainamia kichwa, sikumbuki, na ndicho kicheko ulichokisikia. Picha unayoshikilia ni ya filamu ya pili. Ile ya kwanza nimeisafisha pia. Ni tupu kabisa, haina hata kivuli, nimeiweka.

Nyuma ya ghala nilitaka kupiga magoti nimwombe radhi kwa ajili ya Yoshiki na Fumie. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Tokyo, kituo kwa kituo. Akanishika bega hakuniruhusu.

Akasema, "Subiri, nianze mimi. Siku ile nilikuwa nimesimama nyuma yako na wazazi wengine. Baba yako kila mwaka nilikuwa namwona, anachomoa kile kibao anakibana kwapani, ndipo anapiga. Wewe nikaona kwapani huna kitu. Nililiona, Tsune. Nikajiambia, mimi mkata miti nimfundishe mtoto wa mpiga picha kazi yao, mbele za watu? Nikanyamaza. Miezi miwili baadaye nikawa sina hata picha ya ukubwa wa kucha. Mke wangu amekufa sijamwambia."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi.

"Nikwambie wapi? Kila nikija kwenu umeshaondoka. Mazishi ya baba yako nilisikia unapanda basi la kwanza, nikakukimbilia mpaka kituoni. Likawa limeshakata kona."

Nilimwona, Dada. Sikuwahi kumwambia mtu. Nilikuwa kiti cha nyuma, nikamwona kupitia kioo, mzee na nguo nyeusi za msiba anakimbia katikati ya barabara mkono juu. Nikadhani anakuja kunilaani. Nikainama chini ya kiti ili asinione, nikabaki nimeinama mpaka tukavuka daraja.

Nimeomba likizo ya Obon, siku za kuwakumbuka wafu wetu mwezi wa Agosti, wamenipa siku nane. Usinifuate kituoni, nitapita kwa Inubushi kwanza.

Mdogo wako,
Tsuneo